Darasa la insha ya hati, Kikwajuni: nimelipa miezi mitatu, nasema niliyoyaona

Wazazi wenzangu wamekuwa wakinisimamisha Darajani na mlangoni mwa msikiti wakiniuliza swali moja: lile darasa la historia la Kikwajuni, la yule Maalim mstaafu, nimpeleke mwanangu? Nawajibu hapa kwa pamoja. Mpeleke, kama mtihani wake una insha ya hati, yaani ile ambayo mtoto anawekewa hati mbele yake ajibu swali kwa kuzitumia. Kama hauna, soma kwanza mpaka chini, lipo jambo nitalisema.

Mimi ni mtembeza wageni Mji Mkongwe, mwaka wa 16 huu. Historia ya mji huu ndiyo inayoleta unga nyumbani kwangu. Binti yangu ana miaka 17, anasoma masomo ya Kimarekani kwa njia ya mtandao kwa sababu anataka kuomba chuo nje, na katika mitihani aliyojiandikishia mmoja ni wa AP (Advanced Placement, mitihani ya Kimarekani ya kiwango cha chuo) wa Historia ya Dunia. Nilipolipa ada ya mtihani nilijua hapa hapana taabu. Mtoto amelelewa na hadithi za masultani wetu wa zamani, Seyyid Said na Barghash, tangu hajajua kusoma. Siku moja akanionesha swali la mfano kwenye simu. Nikalisoma mara mbili, nikamrudishia simu yake nisijue la kumwambia.

Kwa asiyeujua, mtihani huu hufanywa mwezi wa Mei. Una maswali 55 ya kuchagua jibu, maswali matatu ya majibu mafupi, insha moja ya kawaida, na insha ya hati. Hiyo ya hati peke yake inabeba asilimia 25 ya alama zote. Mtoto anawekewa swali moja na hati 7 asizowahi kuziona: kipande cha barua, ibara ya mkataba, hotuba, picha, jedwali la biashara, chochote. Ana dakika 60, na 15 za mwanzo anashauriwa asome tu. Mada inaweza kutoka pahala popote duniani kati ya mwaka 1450 na 2001, kwa hiyo kukariri hakumfikishi mbali.

Tulianza kwengine, na pahala hapo sipataji jina. Kijana aliyekuwa akifundisha aliwapa watoto karatasi ya sentensi za kujaza: hati ya kwanza inasema hivi, hati ya pili inasema vile, mpaka ya saba, kisha hitimisho. Miezi miwili mwanangu alijaza nafasi zile. Nikampata mtu wa kumsahihishia insha moja kwa kufuata mwongozo wa wenye mtihani wenyewe: alama 2 kati ya 7. Mtoto alilia usiku ule, na mimi niliumia zaidi yake, maana alikuwa amefanya kila alichoambiwa. Shemeji yangu ndiye aliyetuelekeza Kikwajuni.

Darasa lenyewe ni sebule. Meza mbili ndefu, mabenchi, ubao mweusi uliopasuka kona moja, feni ya dari, na watoto 11 tulipoanza. Vipindi ni Jumatano na Jumamosi baada ya laasiri, na mwezi wa Ramadhani vilihamia usiku baada ya tarawehe. Kwa mwezi nililipa shilingi 90,000 kwa vipindi 8, fotokopi ndani yake. Kwa kuwa usiku nisingemwacha arudi Jang'ombe peke yake, nilimuomba Maalim nikae nyuma karibu na mlango. Akaniambia, "Karibu sheikh, kaa. Ila usiwajibie." Nikakaa miezi yote mitatu, ndiyo maana naweza kuandika haya kwa niliyoyaona mwenyewe.

Siku ya kwanza hakugusa historia kabisa. Aliandika ubaoni barua ya mistari mitatu aliyoitunga yeye: mzigo umefika, magunia mawili ya karafuu yamelowa njiani, pesa iliyobaki nitaileta baada ya Idi. Hakuweka jina wala tarehe. Akageuka akauliza, "Magunia yalilowa?"

Watoto wote wakasema ndiyo, si imeandikwa. Akaongeza chini: imeandikwa na mnunuzi, kwenda kwa muuzaji anayemdai. Darasa likanyamaza. Msichana mmoja aliyekuja kusoma kutoka Chake Chake akasema, "Maalim, huyu anatafuta kupunguziwa." Maalim akafuta, akaandika tena: imeandikwa na nahodha wa jahazi, kwenda kwa tajiri wake. "Sasa je?" Mwanangu akanyoosha mkono. Akasema nahodha anakiri uzembe wake mwenyewe, kwa hiyo yeye anaelekea kumsadiki. "Unaelekea," Maalim akamwambia. "Kwa nini husemi unamsadiki?" Mtoto akafikiri kitambo. "Kwa sababu pengine yameibiwa, hayakulowa."

Maneno ni yale yale, hayakubadilika hata herufi, na uzito wake umegeuka mara tatu kwa dakika kumi. Tulirudi nyumbani tukiizungumza barua ile mpaka tukafika mlangoni, na mama yake akatuuliza ni nani aliyelowesha karafuu.

Kutoka hapo akawapa maswali manne ya kuandika pembeni mwa kila hati kabla ya kufanya jambo jengine lolote: nani, kwa nani, lini, anataka nini. Kwa penseli, kwa ufupi, maneno matatu manne yanatosha. Hiyo ndiyo kazi ya zile dakika 15. Baada ya hapo mtoto anazipanga hati katika mafungu mawili au matatu kwa jinsi zinavyolijibu swali, na kila aya inafunguliwa kwa hoja ya mwandishi mwenyewe. Hati zinaitwa ndani ya aya kuja kushuhudia, kama mashahidi kwa kadhi. Akiona aya imeanza na "Hati ya tatu inasema", anaikata mstari mzima bila kusoma kilichobaki. Mwanangu alikatiwa aya nne katika insha moja.

Wiki ya tatu akawaletea hati saba juu ya swali hili: kwa kiasi gani mkataba wa 1873 ulimaliza utumwa Zanzibar? Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoona pesa yangu inafanya kazi.

Zilikuwemo ibara za mkataba wenyewe, ule aliotia saini Seyyid Barghash tarehe 5 Juni 1873. Taarifa ya balozi wa Uingereza, John Kirk, kwa wakubwa zake London. Kipande cha kumbukumbu za Sayyida Salme. Kipande cha maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambayo aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Maelezo ya mmisionari wa Mkunazini. Jedwali la karafuu zilizosafirishwa. Na amri ya Sultani Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897.

Mwanangu akaandika dai lake: mkataba wa 1873 ulimaliza utumwa Zanzibar kwa kiasi kikubwa. Na mimi kule nyuma nikatikisa kichwa kukubali, maana miaka yote ndivyo nilivyowaambia wageni. Karatasi ikarudi na neno "utumwa" limezungushiwa duara jekundu, na pembeni: "Utumwa, au biashara yake? Soma tena hati ya 1 na ya 7."

Tukasoma tena, sote wawili, baada ya futari, vyombo bado mkekani. Hati ya kwanza inapiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na inafunga masoko. Haisemi kwamba aliyekwisha kuwa mtumwa shambani yu huru. Hati ya saba, miaka 24 baadaye, ndiyo inayoondoa nguvu ya sheria kwa bwana juu ya mtumwa wake, na hata hiyo inamtaka mtumwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na bwana alipwe fidia. Masuria hawakuwemo, wao walisubiri mpaka 1909. Kama mkataba wa 1873 ungekuwa umemaliza utumwa, amri ya 1897 ingekuwa na kazi gani? Mtoto aliliona hilo kabla yangu. Alisema, "Baba, hati ya saba inamsuta aliyesema ya kwanza ilitosha."

Dai lake la pili lilikuwa hivi: mkataba wa 1873 ulifunga masoko na kuibana njia ya bahari, lakini utumwa wa mashambani uliendelea kuwa halali kwa sababu uchumi wa karafuu uliutegemea, na Waingereza wenyewe hawakuugusa mpaka 1897. Maalim akamwekea alama ya dai. Wenye mtihani wanataka mtoto ajibu swali na aoneshe njia ya hoja zake tangu mwanzo, na hili linafanya yote mawili.

Halafu Salme. Watoto karibu wote waliandika kwamba hati yake haifai. Aliondoka Unguja mwaka 1866, kabla ya mkataba, kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1886, na ndani yake anawatetea wenye watumwa wa Kiarabu mbele ya wasomaji wa Ulaya. Yeye ni binti wa Seyyid Said, nyumba yenye mashamba. Maalim alisikiliza mpaka wakamaliza. Akasema yote hayo ni kweli na hakuna hata moja linalotosha kuitupa hati. Salme si shahidi mzuri wa maisha ya mtumwa shambani, lakini ni shahidi mzuri sana wa jinsi nyumba ya wenye mashamba ilivyojiona na ilivyotaka kuonwa. Mtu akikupotosha juu ya jambo moja, mara nyingi anakufunulia jengine. Hapo ndipo mwanangu alipoelewa kuhoji chanzo. Kabla ya hapo alikuwa akiandika "mwandishi ana upendeleo" na kwenda zake, na alama haipatikani kwa hilo. Ni lazima aseme upendeleo huo unaigusaje hoja yake.

Kirk naye alipata zamu yake. Watoto walimsadiki kwa sababu ni ofisa, anaandika kwa utaratibu. Maalim akawakumbusha kwamba Kirk ndiye aliyepeleka kwa Barghash tishio la manowari kuzingira kisiwa. Mtu aliyesukuma mkataba akiwaandikia waliomtuma kwamba mkataba unafanya kazi, anawaambia pia kwamba yeye amefanya kazi. Nilimwona kijana mmoja pale mbele akifuta mistari mitatu mizima kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

Ipo alama moja inayowashinda wengi: ushahidi kutoka nje ya hati. Lazima mtoto alete jambo la kihistoria ambalo halimo katika zile saba, na lisaidie hoja. Mwanangu alilipata kwa bibi yake. Mama yangu ni mtu wa Wete, na kwao mazungumzo ya karafuu hayaishi bila kutaja kimbunga. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika zaidi. Ndipo Pemba ikawa yenye karafuu nyingi kuliko Unguja. Mtoto akakiweka kimbunga kando ya lile jedwali la biashara, na ghafla jedwali likawa na sauti: mkataba ulikuja mwaka mmoja tu baada ya kimbunga, wakati wenye mashamba walikuwa wanahitaji mikono kupanda upya Unguja na kuchuma Pemba. Akaongeza habari ya nahodha Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa London, aliyeuawa karibu na Pemba mwaka 1881 alipojaribu kulikamata jahazi la watumwa. Miaka minane baada ya mkataba, na majahazi bado yanavuka. Maalim alisoma aya ile kwa sauti mbele ya darasa zima. Nilimpigia simu mama palepale uani nikamwambia maneno yake yamo ndani ya insha ya Kiingereza.

Naam, insha zinaandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani ndivyo ulivyo. Lakini mjadala wote unafanywa kwa Kiswahili kwanza, na nalisifu hilo kwa moyo wangu wote. Kule tulikotoka kila kitu kilikuwa Kiingereza tangu mlangoni, watoto wakitafuta maneno kabla hawajapata fikra. Hapa wanagombana kwa lugha yao mpaka hoja inasimama, kisha wanaivusha.

Sasa niseme la kwangu mimi. Katika ziara zangu kituo kikubwa ni Mkunazini, kanisani na kwenye vile vyumba vya chini. Miaka mingi niliwaingiza wageni katika vyumba vile nikawaambia kwa uhakika kabisa watumwa wangapi walifungiwa humo na kwa siku ngapi. Nilifundishwa hivyo na walionitangulia na sikuwahi kuuliza. Usiku mmoja tukirudi, binti yangu aliniuliza kwa adabu, "Baba, idadi ile unayowaambia wageni, hati yake iko wapi?" Sikuwa na hati. Nikaanza kuulizia kwa watu wazima wa kazi hii na kwa wasomi, nikaambiwa kwamba jengo lililo juu ya vyumba vile lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, na kwamba wanahistoria wanabishana juu ya matumizi ya vyumba vyenyewe. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu ulimi ulikuwa wangu.

Tangu hapo nimeigawa hadithi yangu. Nawaambia wageni: soko la watumwa lilikuwa hapa Mkunazini, hilo lina ushahidi. Lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Hilo nalo lina ushahidi. Kisha nawaambia, haya mengine ni yanayosimuliwa, na nawasimulia. Sijaona mgeni aliyeondoka amepungukiwa. Mmoja, mama mtu mzima kutoka Uholanzi, alikaa kwenye ngazi akaniuliza maswali nusu saa nzima, na mengi yalikuwa yale manne ya Maalim.

Nirudi kwenye huduma, maana nimeahidi kusema na kasoro.

Kubwa kuliko zote: Maalim anafundisha kwa penseli na karatasi, na mtihani wenyewe tangu Mei 2025 unafanywa kwenye kompyuta. Mtoto anasoma hati kwenye kioo na anaandika insha kwa kuchapa. Penseli pembeni mwa hati ni njia nzuri ya kujifunza, siipingi, lakini mwanangu alijikuta anachapa polepole kuliko anavyofikiri. Katika jaribio la kwanza nyumbani kwa saa kamili alimaliza aya mbili tu, na fikra zote alikuwa nazo. Nikamuazimia kompyuta ya jirani na tukafanya mazoezi ya kuchapa kila siku baada ya alfajiri kwa wiki tano. Maalim nimemwambia, akakubali kwamba ni kweli, na akasema anatafuta kompyuta mbili za mitumba. Mpaka atakapozipata, mzazi ujue kazi hiyo ni yako.

Fotokopi nyengine zilikuwa nyeusi, hazisomeki. Jedwali la karafuu lilinibidi nilipige picha kwenye nakala yake mwenyewe, nikalichapisha upya Michenzani kwa pesa yangu. Kwa somo ambalo lote ni kusoma hati, hili lisingefaa kutokea hata mara moja.

Na saa. Mpaka mwezi wa tatu hakuwapimia watoto muda. Anasema mtu hujifunza kukimbia baada ya kujifunza kutembea, na namuelewa, lakini mwezi mmoja wa kukimbia ni mdogo. Ningependa aanze kuwawekea saa japo katikati ya mwezi wa pili. Mwezi wa Ramadhani insha zilichelewa kusahihishwa, moja ilirudi baada ya siku 12. Yeye ni mtu mmoja na watoto ni wengi. Hilo silihesabu sana.

Lile jambo nililosema nitalisema ni hili. Kati ya watoto 11, watano walikuwa wa kidato cha sita wanaojiandaa na mtihani wa taifa, ambao insha zao zinaandikwa kutoka kichwani, hakuna hati ya kuwekewa mbele. Hao walikuwa wanapata faida ya kufikiri, lakini hawakuwa wanapata mada zao zikakamilika, na mzazi mmoja aliniambia kwa uchungu kwamba mwanawe anajua kumhoji Kirk kuliko anavyozijua sababu za ukoloni alizotakiwa kuziandika. Ana haki. Kama mtoto wako ni wa mtihani wa taifa, mtafutie kwanza pahala pa kumalizia mada, hapa aje Jumamosi tu. Maalim anakubali mtoto wa siku moja na anatoza nusu.

Wapo pia waliolalamika kwamba hati za Zanzibar haziji katika mtihani wa Kimarekani, kwa nini wapoteze wiki nne nzima kwa Barghash na Salme? Mwanzoni na mimi nilijiuliza. Lakini nilimwona mwanangu akijifunza kuhoji hati juu ya mambo ambayo tayari ana hisia nayo, majina ya mitaa anayopita, karafuu anazozijua kwa harufu. Alipopewa baadaye hati juu ya viwanda vya Japani, pahala asipopajua kabisa, mkono ulikuwa umeshazoea. Na katika mwezi wa mwisho Maalim alitumia maswali ya miaka iliyopita ambayo wenye mtihani wanayatoa bure mtandaoni, pamoja na mwongozo wao wa kusahihisha. Kila mtoto alipewa mwongozo huo akasahihisha insha ya mwenzake: dai alama 1, mazingira ya wakati ule 1, hati angalau nne zikitetea hoja 2, ushahidi wa nje 1, kuhoji chanzo cha hati mbili 1, na uchambuzi wenye upana 1. Ile ya mwisho ndiyo ngumu. Mwanangu aliipata mara mbili tu katika insha tisa, na mara zote mbili alikuwa ametumia hati zote saba na kuzigonganisha zenyewe kwa zenyewe.

Alianza na 2 kule kwengine. Kikwajuni insha yake ya kwanza ilipata 3, ya nne 5, ya mwisho 6.

Mtihani aliufanyia Dar es Salaam, tukavuka na boti siku moja kabla tukalala kwa ami yake Kariakoo. Matokeo yalitoka Julai: 4, na ya juu kabisa ni 5. Alama ya insha ya hati peke yake hawaitoi, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba darasa hili limeleta kiasi fulani. Yeye mwenyewe aliniambia alipotoka chumbani kwamba insha ya hati ndiyo sehemu pekee ambayo hakuogopa.

Kundi jipya linaanza Septemba, na safari hii Maalim amesema hazidishi watoto 10. Ukitoka Mnazi Mmoja ukaingia Kikwajuni, muulize muuza kahawa yeyote nyumba ya Maalim wa historia, utapelekwa mpaka kwenye mlango wa kijani. Piga hodi kwa nguvu, feni ina kelele. Mtoto aje na daftari kubwa na penseli mbili, kalamu ya wino Maalim hairuhusu iguse hati.